Uzi Mwekundu wa Fundi wa Kucha

Ilikuwa ni rangi ya kucha. Naiandika sentensi hiyo mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kuizunguka, maana niliizunguka kwa miaka miwili.

Kope zangu zilipovimba mara ya kwanza, zikawa nyekundu, zikawasha na kubanduka ngozi kama kiazi kilichochemshwa, nilisema ni vumbi la barabara ya Isingiro. Mvua ziliponyesha na vumbi likatulia, nikasema ni mwanga wa kompyuta. Kompyuta ilipoharibika ikakaa kwa fundi wiki tatu, nikasema ni umri. Mfamasia mmoja wa Mbarara, kijana mpole, alitazama vidole vyangu vilivyokuwa juu ya kaunta yake, akaniuliza kama natumia kipodozi chochote kipya. Niliirudisha mikono ndani ya mifuko ya sweta na kumjibu kwamba mimi si mtu wa vipodozi. Nilimjibu hivyo nikiwa na kucha kumi zilizopakwa rangi ya damu ya mzee.

Sababu ya kukana ilikuwa aibu, tena aibu ndogo, ya kitoto. Nimeandika insha kwa zaidi ya miaka ishirini, na angalau tatu kati yake zinawacheka wanawake wanaoshinda saluni. Lakini kucha ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu ambayo umri haujaigusa. Nywele zimepungua, kiuno kimehamia mahali ambapo sikukituma, na jina la mtu nalikumbuka akiwa ameshaondoka. Kucha zangu, hata hivyo, ni ndefu, zimenyooka, na zikipakwa rangi mtu anaweza kudhani ni za msichana aliyesimama nyuma yangu. Sikuwa tayari mfamasia aniondolee hicho kimoja.

Aliyeniondolea, na ninamshukuru, ni fundi wa kucha wa Nakivale.

Mimi nimezaliwa Karagwe, upande wa pili wa mpaka. Nilikuja Mbarara kufundisha, nikaolewa, na la pili halikudumu kama la kwanza. Kila Alhamisi huenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kuwafundisha wanawake kuandika barua za kuomba kazi. Nawaambia kila wiki, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: soma kila kitu kabla hujatia sahihi, hata maandishi madogo ya chini. Darasa likiisha, kabla ya kurudi mjini, nilikuwa napita sokoni kupakwa rangi na fundi huyo. Hakuna siku niliyosoma maandishi ya kwenye chupa yake hata moja. Yalikuwa madogo, na sikutaka kuonekana nimevaa miwani.

Fundi ni mwanamke Mrundi wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya kanisa Katoliki la hapo makazini. Alikuwa akikaa kwenye baraza la mshonaji mmoja Mkongomani, mwanamume mnene asiyeweza kutia uzi kwenye sindano bila kutia neno. Vifaa vya fundi vilikuwa viti viwili vya kukunja, sanduku la mbao, na kijiti kilichopigiliwa kwenye nguzo ya baraza. Kwenye kijiti hicho alikuwa amefunga uzi mwekundu wa cherehani, urefu wa kiganja.

Mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Kisha nikaona kwamba kabla ya kufungua chupa yoyote anautazama. Uzi ukielekea sokoni, anaweka kiti chake upande wa ziwa, upepo umpige mgongoni, na mteja anamkalisha ubavuni, ili harufu ipite mbele yao wote wawili na kwenda zake. Upepo ukigeuka, anafunga chupa, anasimama, na mteja anasimama na kiti chake, vidole vimetanuliwa kama kuku anayetoka kwenye maji. Nimewahi kupakwa kidole gumba nikitazama soko na kidole cha mwisho nikitazama ziwa.

Mshonaji hakuchoka na jambo hilo.

“Mama, leo uzi inasema nini?” alikuwa akiuliza. “Tunaweza kuruka ama tungoje ndege ingine?”

“Wewe shona suruali ya batu,” fundi alijibu bila kuinua kichwa. “Ile ya jana uliweka mufuko mbele, moja tu. Na ingine iko wapi? Mwenyewe ataweka wapi simu?”

“Ile ni modeli ya Paris.”

“Paris ya Nakivale.”

Siku moja nilimuuliza huo uzi ameutoa wapi. Akaniambia ni wa mama yake. Kwao Burundi, wakati wa kupepeta maharage, mama alikuwa akichomeka kijiti shambani na kukifunga uzi, kisha anasubiri. Hakuinua ungo mpaka uzi umesema. Anayepepeta bila kuangalia anajaza makapi kichwani na machoni mwake mwenyewe, na watoto wanamcheka. Fundi alikimbia na vitu vichache sana, lakini kufunga uzi hakukuhitaji begi.

“Verni na maharage ni mamoja,” alisema. Verni ndiyo rangi ya kucha, kwa Kifaransa chao. “Kiko kitu unataka, na kiko kitu lazima kiende na upepo.”

Alikuwa amejifunza hilo kwa gharama. Kabla ya baraza hili alifanya kazi Mbarara mwaka mzima, katika chumba nyuma ya duka la simu, wanawake wanne bila dirisha. Walibandika kucha za plastiki kwa gundi yenye harufu ya kukata pua, wakazipiga msasa mpaka unga ukatanda kwenye nyusi zao. Chupa ya verni ikianza kuganda, walimimina ndani yake tina, ile ya mafundi wa kupaka rangi magari, wakaitikisa ikawa kama mpya. Kila siku saa nane mchana kichwa kilianza kumuuma. Akakohoa. Wenzake walisema ni malaria, wengine wakasema ni mawazo ya ukimbizi.

“Lakini mama mwalimu, Jumapili hakiumi,” aliniambia. “Jumapili ninaimba, sauti inatoka yote. Jumatatu saa nane, kinarudi. Nikajiuliza, huu ugonjwa nani aliufundisha kalenda?”

Akaacha kazi. Kikohozi kikamwisha, kichwa kikatulia, na tangu hapo amefanya kazi nje. Tina hagusi. Chupa ikiganda anaitupa. “Imekufa,” husema. “Hapa hatufufui.” Yeye aliishia darasa la nne. Mimi nina shahada mbili, na kwa miaka miwili nilishindwa kuona kitu alichokiona kwa kulinganisha Jumapili na Jumatatu. Nalitaja hilo si kwa unyenyekevu. Nalitaja kwa sababu ni kweli na linaniuma.

Kisha akaja mama afande.

Ndivyo tulivyomwita, maana mumewe ni mwanajeshi na wanaishi kambini Mbarara. Ni mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja wa gwaride. Mimi ndiye niliyemleta. Tulikaa benchi moja kwenye foleni ya kulipa umeme, akazisifu kucha zangu, na mimi ninayewacheka watu wa saluni nikampa maelekezo yote ya kufika kwa fundi, mpaka rangi ya mlango wa mshonaji. Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata alifika na pikapu. Alikuwa anafungua saluni mjini, barabara kubwa, na alitaka fundi huyo na si mwingine.

Kwa fundi ilikuwa nafasi ya pekee. Binti yake mkubwa alikuwa ameanza sekondari Mbarara, na kumwona mara moja kwa muhula kulikuwa kunamla. Akipata kazi mjini wangelala nyumba moja. Nilimwona akiishika chupa kwa mikono miwili wakati mama afande anaeleza: vioo mbele, viti vya kuzunguka, taa nyeupe, feni.

“Na nyuma kuna nini?” fundi aliuliza.

“Nyuma ni ukuta.”

“Basi mama, mimi nitakuja, lakini nikae fasi yenye upepo. Ama unifungulie dirisha kubwa pale nyuma, ama nikae nje barazani. Na ile gundi ya kubandika na tina, hapana.”

Mama afande alicheka kama aliyeambiwa mzaha. “Wewe nyabo! Mimi nimeweka vioo kwa sababu ya vumbi, wewe nataka dirisha? Mteja yangu anataka kukaa kama ofisi. Hiyo verni imeua nani? Onyesha mimi mtu moja tu.”

Fundi aliinua kichwa. Alinitazama mimi. Siku hiyo kope zangu zilikuwa zimevimba kiasi kwamba niliwaona wote wawili kupitia mwanya, kama mtu anayechungulia mlangoni.

Mama afande akafuata macho yake. “Eh, mwalimu! Macho yako imekuwa nini? Ni hiyo verni?”

Ilikuwa nafasi ya sekunde mbili. Nilikuwa na kucha kumi juu ya sanduku la mbao, tano zimekauka na tano zinang'aa bado mbichi. Mshonaji alisimamisha cherehani ili asikie.

“Hapana,” nikasema. “Ni vumbi.”

“Umesikia?” Mama afande alipiga paja. “Vumbi! Ndiyo sababu naweka vioo!”

Nimesema maneno ya kijinga mengi maishani, mengine yamechapishwa, lakini hakuna lililofanya kazi haraka namna hiyo dhidi ya mtu nisiyetaka kumdhuru. Mama afande alisimama, akakung'uta gauni. Saluni ingefunguliwa mwisho wa mwezi. Fundi alikuwa na muda mpaka Jumamosi ya mwisho kukubali kazi jinsi ilivyo. Kulikuwa na msichana mwingine wa Bwizibwera aliyeitaka, na huyo hakuuliza habari za madirisha.

Pikapu ilipoondoka, fundi alimalizia kidole changu cha mwisho. Alipaka polepole, vizuri kama siku zote.

“Mama mwalimu,” alisema, “hiyo vumbi inakupenda wewe peke yako? Sisi wote tuko hapa.”

“Fikiria mwenyewe,” nilimjibu, na hapa nilitumia sauti ya darasani. “Rangi iko kwenye vidole. Vidole haviwashi. Yanayowasha ni macho. Macho yako mbali na vidole.”

“Yako mbali?”

“Mbali.”

“Mukono yako ya kushoto iko wapi sasa hivi?”

Ilikuwa kwenye jicho langu la kushoto. Kidole kilichopakwa dakika kumi zilizopita kilikuwa kinasugua ukope, taratibu, kwa raha, kama kilivyofanya pengine mara mia kwa siku bila kuniomba ruhusa. Mshonaji alicheka mpaka akatoa miguu kwenye pedali.

“Ngozi ya kidole ni ya kulima,” fundi alisema. “Ngozi ya jicho ni ya mutoto.”

Hakunigombeza kwa uongo wangu. Ingekuwa rahisi zaidi. Alichukua pamba na asetoni, akanisogeza upande wa upepo, akazifuta kucha zote kumi, zile zile alizotoka kuzipaka. Akasema hatanipaka tena mpaka tujue.

Nilipotaka kuondoka akaniomba nisubiri. Alifungua sanduku lake na kutoa mfuko wa plastiki uliojaa vijisanduku vya chupa, vimekunjwa vizuri, vya miaka miwili.

“Nisomee,” alisema. “Mimi Kingereza hiki sikijui, na herufi ni kama sisimizi. Nilikuwa ninangoja.”

“Ulikuwa unangoja nini?”

“Wewe uvae miwani.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kila Alhamisi, nikizungumza kuhusu kusoma, mbele ya mwanamke aliyekuwa na mfuko mzima wa vitu vya kusomewa. Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea: formaldehaidi, na resini yake, tolueni, na majina mengine marefu ambayo ulimi wangu uliyapanda kama mlima. Mengine nilikuwa nimeyasikia na nikajua yanahusu nini: ya kwanza hukaza rangi na inajulikana kwa kuchokoza ngozi na mapafu, tolueni huilainisha ipakike, na ndiyo moja ya zile harufu zinazopanda kichwani. Mengine nilimwambia kweli kwamba siyajui. Sanduku moja lilijivuna kwa maandishi ya dhahabu kwamba ndani hamna vitu kumi vibaya, likavitaja.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. “Inasema haina nini,” alisema. “Na iko na nini?”

Niligeuza sanduku. Halikusema. Nimewahi kukaa kwenye kongamano siku tatu bila kusikia swali zuri kama hilo. Akaliweka sanduku hilo upande wa kutupwa, pamoja na chupa mbili ambazo hazikuwa na maandishi yoyote.

Nilirudi Mbarara na kucha tupu, nikajiona kama niliyetoka bila blauzi. Wiki haikuisha kabla sijatafuta njia ya mkato. Dukani mtu aliniuzia pakiti ya piko, nyeusi kama lami, akaniapia ni hina, majani matupu, kitu cha asili. Alhamisi ya pili nilimpelekea fundi kwa fahari, nikitaka anipake. Aliinusa, akaishika mbali kama soksi ya mtu.

“Hina ya majani inatoka nyekundu, inataka saa mingi mukononi,” alisema. “Hii inatoka nyeusi kwa dakika kumi. Hii ni rangi ya nywele, mama. Ulitoka kwa moto mudogo, unakimbilia mukubwa.”

Nilikuwa nimeamini neno “asili” kwa sababu liliandikwa kubwa.

Siku hiyo alinionyesha anachowafanyia wateja wasiotaka verni. Alilainisha kucha zangu kwa maji ya vuguvugu, akazipiga msasa mwepesi, kisha akachukua kipande cha ngozi laini ya ndama, akatia tone la samli ya Ankole, akaanza kusugua. Alisugua kucha moja kwa muda wa wimbo mmoja wa kwaya, akiuimba chini kwa chini. Alipomaliza, kucha zilikuwa zimetoa mng'ao wa ndani, kama jiwe la mtoni likiwa bado na maji. Hazikuwa na rangi. Zilikuwa zangu. Nilizitazama njia nzima. Kwa wanaolilia rangi alikuwa na chupa mbili za aina inayochanganywa na maji, alizoletewa na mteja kutoka Kampala. Harufu yake ilikuwa ndogo, na alimwambia kila mteja kasoro yake kabla ya kupaka: siku ya tatu inabanduka kama ganda la kitunguu. Wengine waliondoka. Wengi zaidi walikaa.

Alhamisi ya tatu kope zangu zilikuwa zimepona. Nilijitazama kwenye kioo cha mshonaji na nikaona mtu niliyekuwa nimemsahau, mwenye macho mawili kamili.

“Sasa tujue,” fundi alisema. Alichukua chupa yangu ya damu ya mzee, ile niliyoipenda, akapaka ukucha mmoja tu, wa mkono wa kushoto. “Usiogope, na usijizuie. Ishi kama unavyoishi.”

“Na kama macho hayavimbi?”

“Basi mimi ndiye mwongo, na nitakwenda kwa mama afande nikae ndani ya vioo yake.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameiweka kazi yake, na nyumba moja na binti yake, kwenye ukucha wangu mmoja.

Jumamosi asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limevimba. La kulia lilikuwa safi kabisa. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikafumba moja, nikafumba la pili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahi kuwa mbaya upande mmoja. Nilivaa viatu nikaenda saluni ya mama afande vile vile nilivyo, bila miwani ya jua.

Mlango wa vioo ulikuwa umefungwa kuzuia vumbi. Ndani mafundi wawili walikuwa wanapaka milango rangi ya mafuta, ndoo ya tina wazi sakafuni, na feni inazungusha hewa ile ile. Mama afande alikuwa amekaa kaunta, leso imefungwa kwenye paji la uso.

Nilimwambia yote. Nilimwambia sikuwahi kuwa na ugonjwa wa vumbi. Nilimwonyesha ukucha, nikamwonyesha jicho.

“Banange! Mwalimu mzima!” Alicheka, kisha akajishika kichwa. “Siku ile mbele ya watu wote ulisema vumbi.”

“Nilisema.”

“Sasa niamini mwalimu ya siku ile ama mwalimu ya leo?”

Lilikuwa swali la haki. “Amini jicho,” nilimwambia. “Lenyewe halijawahi kuandika insha.”

Alilitazama kwa muda. Kisha akautazama ukuta wake wa nyuma, uliotoka kupakwa, mweupe, mzuri. “Kubomoa ukuta siyo kuvunja biskuti, mwalimu. Nitafikiri.”

Nilifika mlangoni, nikaona jinsi alivyokuwa anaibana leso, nikageuka. Swali nililomuuliza nililiiba kwa fundi, sijui kama nililirudisha.

“Umekaa humu tangu lini?”

“Tangu hawa naanza kupaka. Jumatatu.”

“Jumapili hamfanyi kazi?”

“Jumapili tunaenda kanisa.”

“Kesho, ukiwa kanisani, angalia kama kichwa kinauma. Na Jumatatu ukirudi humu, angalia tena.”

“Wewe sasa umekuwa daktari?” alisema. Akanifukuza kwa mkono.

Hakupiga simu Jumatatu. Hakupiga Jumanne wala Jumatano. Alhamisi ya nne niliketi kwenye kiti changu barazani, fundi akinisugua kucha kwa ngozi ya ndama, na keshokutwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Alikuwa ametandika sanduku lake kwa khanga safi. Nilimuuliza kama ataikubali kazi jinsi ilivyo. Alisugua kucha mbili kabla ya kujibu.

“Ninamupenda mutoto wangu,” alisema. “Lakini anataka mama mwenye kuimba.”

Uzi ulikuwa umelala upande wa sokoni. Simu yangu ikalia.

Niliiweka kwenye spika, maana mikono yangu ilikuwa na samli.

“Mwalimu!” Mama afande alikuwa anapiga kelele kushinda mlio fulani nyuma yake. “Jumapili haikuuma! Kanisani, hata kidogo! Jumatatu saa sita, imerudi. Jumanne nilikaa nje kwa mti, hakuna kitu. Jana nimeingia ndani, imerudi. Ni kama hii kichwa inalipwa mshahara!”

Fundi aliacha kusugua.

“Hiyo tina nimeambia mafundi wapeleke mbali yote,” mama afande aliendelea. “Na gundi sinunui. Huyo mama yako yuko hapo?”

“Yuko. Anakusikia.”

“Nyabo, sikia mwenyewe!” Akasogeza simu, na tukausikia mlio wenyewe vizuri: nyundo, gubu, gubu, na matofali yanaanguka. “Nabomoa! Sasa sema haraka, dirisha unataka upana ngapi?”

Nilidhani fundi atalia. Badala yake aliisogelea simu, mgongo umenyooka, kama fundi anayezungumza na fundi.

“Mama, usivunje bado. Upepo yako inatokea wapi?”

“Upepo?”

“Funga uzi kwanza pale nje. Ungoje. Ukiona upepo unakokwenda, ndiyo uvunje.”

“Simama!” mama afande aliwapigia kelele mafundi wake, kwa ile sauti ya uwanja wa gwaride. “Nyinyi, simama kwanza!” Nyundo ikanyamaza. Tukasikia hatua zake zikitoka nje, na mlango wa vioo ukifunguliwa. “Haya, niko nje. Uzi rangi gani?”

“Nyekundu!” akajibu mshonaji, kabla yetu sote.